Macho kwenye Marumaru

Wiki hiyo, kule Riyadh, Damaris aliwafundisha wanafunzi wake neno la Kiingereza droop, yaani kulegea na kuinama. Ua likikosa maji, kope zikilemewa na usingizi, mabega ya aliyechoka: vyote vilielezwa kwa neno hilo. Akawaambia limetoka kwa watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, na kwao lilikuwa kuinamisha kichwa kwa majonzi. Wasichana wakanakili, akafuta ubao.

Ijumaa akapanda ndege kwenda Jeddah. Bintiye Winfred alifanya kazi za ndani katika jumba moja la mtaa wa Al-Hamra, na madam, mwenye nyumba, alikuwa amekubali atoke na mamake mpaka magharibi. Winfred hakuwahi kuruhusiwa kutoka tangu aanze kazi.

Winfred aliingia sebuleni, walikoketi madam na Damaris, na trei ya gahawa, kahawa ya Kiarabu, shingo imelegea, macho kwenye marumaru. Damaris hakungoja salamu.

"Winnie, simama sawa. Umejikunja kama tambara la kupiga deki. Mimi nilikulea hivyo?"

"Mama, wacha," Winfred alinong'ona. "Hapa tunakaa hivi."

"Inua kichwa."

Akainua. Akatazamana na madam ana kwa ana, jambo ambalo mpishi wa nyumba hiyo alimkataza siku ya kwanza. Madam, asiyejua Kiswahili, aliweka kikombe chini.

"Amekwambia tunamtesa?" akamuuliza Damaris kwa Kiingereza.

"Hapana, madam. Namrekebisha mgongo tu."

"Basi mgongo wake ubaki hapa ufanye kazi. Halas, imekwisha. Hatoki."

Winfred akarudisha kichwa chini. Ndipo Damaris akaona viatu vyake: vile vya kutokea, ameshavivaa.

Damaris alikuwa mtu wa kujibizana hata na mwalimu mkuu. Sasa alisimama. "Kosa ni langu, madam. Nisamehe."

Madam akachukua tena kikombe chake. Damaris alitafuta pa kuweka macho, akapata marumaru. Shingo ililegea yenyewe. Akarudia akiiambia sakafu, "Tafadhali, madam."

"Mpaka alasiri," madam alisema mwishowe. "Yalla, nendeni."

Ndani ya teksi ya kwenda mtaa wa Bani Malik, Damaris aliketi kichwa chini, akilikumbuka lile neno la ubaoni. Majonzi ya watu wa kale, alikuwa ameyafuta kwa dasta.

Winfred akamwekea kiganja mgongoni. "Mabega, Mama."

Damaris akajaribu. Hayakuinuka.