Mvua ya Ndani ya Yai

Jumatatu asubuhi, jua lilipokwisha kuuvuka ukuta wa uwanja wa Amani, Nassra Msabah aligonga yai kwenye ukingo wa kikaango na mvua ikaanza kunyesha jikoni. Ilikuwa mvua ya wastani, ya matone manene. Ilitoka ndani ya yai, ikapanda hadi chini ya bati, kisha ikashuka kama mvua nyingine yoyote. Nassra aliweka kibiriti kifuani, akausukuma mfuko wa mkaa chini ya meza, akasubiri. Ilidumu muda wa kuchemka birika la chai. Ilipokatika, kikaangoni kulikuwa na kiini kilichopauka na harufu ya gunia.

Jirani yake, Bi Time, aliyekuwa akipita na ndoo tupu, alichungulia dirishani akauliza kama anakusudia kuvunja jingine, maana mfereji haujatoa maji tangu Alkhamisi. Nassra akavunja mawili. Ndoo ikajaa mpaka mdomoni. Bi Time akanusa, akasema ya kunywa hayafai ila ya kufulia yanafaa sana, akaenda zake.

Mayai yalikuwa ya kuku wake mwenyewe. Alikuwa nao arubaini, wa mayai, kwenye banda la uani, na kila mmoja alikuwa amempa jina la wifi au shangazi ili apate kuwagombeza kwa raha zake. Kwa hilo la mvua asingehangaika. Angenunua beseni jengine, basi. Kilichomhangaisha ni baba yake.

Mzee Msabah alibeba magunia bandarini miaka thelathini na mbili. Tangu alipofiwa na mkewe alikuwa hataki chakula chochote isipokuwa yai moja la kuchemsha kila asubuhi, lililoshika nje na kulegea ndani, kama alivyokuwa akipikiwa na marehemu. Wali alisema haupiti. Samaki alisema ana miba, hata changu aliyekwisha kuchambuliwa mbele ya macho yake. Alikuwa amepungua mpaka godoro likawa halionyeshi alipolala.

Asubuhi hiyo Nassra alikaa ukingoni mwa kitanda, akalimenya yai la baba yake, akalichoma kijiko. Mvua ikamshukia mzee palepale alipolala. Nassra akafungua mwavuli, akaushika kwa mkono wa kushoto, akaendelea kulisha kwa wa kulia. Mzee alimeza vijiko viwili, kisha akafumba mdomo. Alikuwa anasikiliza.

Ndani ya mvua mlikuwa na sauti. Tone lilipiga bati, likapiga gunia, halafu kijana mmoja akasema, "Bosi, magunia yanarowa."

Mtu mzima akamjibu bila haraka, "Acha yarowe. Ya kuku hayo."

"Tundu hilo la bati nalijua," alisema Mzee Msabah. "Ghala la karibu na gati. Safu ya tatu kutoka mlangoni, upande wa bahari. Nilipoacha kazi lilikuwa dogo kama jicho la kuku. Sikiliza sasa, linapitisha na upepo."

"Na huyo bosi, baba?"

"Yeye simjui. Maneno ndiyo nayajua. Na siye tukisema hivyohivyo, mwanangu. Ya kuku. Hatukuuliza kuku ni wa nani."

Akageukia ukutani, na yai lililobaki likajaa maji kijikoni.

Nassra alikwenda kwa Mudrik, aliyekuwa akimuuzia chakula cha kuku, akampa habari yote mpaka ya bosi. Mudrik hakukana. Alitia mkono guniani, akatoa punje za mahindi zilizoota ukungu wa kijani, akazipuliza kama mtu anayepuliza vumbi kwenye msahafu, akasema maduka yote ya mjini yanachukua kwenye ghala hilohilo, na kuku wa wateja wengine hawana deko kama wa Nassra. Nyuma ya mizani yake kulikuwa na mwavuli umetundikwa, bado unachuruzika.

Jumatano akafa Wifi Mkubwa bandani. Anuar, bwana mifugo, alikuja na vespa yake, akampasua juu ya jani la mgomba. Ini lilikuwa la manjano kama bizari, likavunjika chini ya kidole gumba. Anuar akasema hiyo ni sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu katika mahindi yaliyorowa, na kwamba marehemu alianza kufa tangu masika, ila alikuwa hajaambiwa. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kuku wasipewe mahindi yale. Nassra akamwuliza mengine yako wapi. Anuar akalivuta begi lake.

Ushauri wa pili ulikuwa kwenye begi. Ulikuwa mfuko wa unga wa kijivu, udongo maalumu uliosagwa laini kama poda ya mtoto. Unachanganywa na chakula, alisema, unaikamata sumu tumboni mwa kuku na kutoka nayo kwenye kinyesi. Haukaushi mahindi, na si kila sumu unaiweza.

"Dawa hii inapunguza tu, Nassra. Haifuti."

Nassra akasema kupunguza kunamtosha, kuna mtu anasubiri yai.

Gunia lililogandana mabonge alilifukia. Mahindi yaliyobaki aliyapepeta, akaondoa punje mbovu kwa mkono, na kila debe akalitilia kikombe kimoja cha kahawa cha ule unga, kilichopanguswa juu kwa kisu. Alianza kuuchanganya na chakula kidogo, kisha na debe zima, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, kama alivyoelekezwa. Kuku walikula. Shangazi Mwenye Maneno alilalamika, lakini yeye hata pilau angelilalamikia.

Siku ya tatu kila kinyesi bandani kilikuwa na wingu lake juu, dogo kama pamba ya sikioni, likinyunyiza taratibu. Bi Time akaomba kupanda mchicha pale. Wiki ya kwanza mvua ya mayai ikageuka manyunyu. Wiki ya pili ikawa umande tu kwenye ganda, na zile sauti zikasogea mbali, kama watu wanaozungumza ng'ambo ya barabara. Siku zote hizo Mzee Msabah aliishi kwa maji ya dafu na ukaidi.

Siku ya kumi na tisa Nassra alimenya yai, akalichoma kijiko, mwavuli tayari mkononi. Haikunyesha. Kiini kilikuwa cha rangi ya embe dodo. Mzee alisikiliza kidogo, akafumbua mdomo, akala mpaka likaisha.

"Chumvi haikutosha," alisema.

Ndiyo mara ya kwanza kutaka chakula kiwe na ladha tangu msiba. Nassra akaenda jikoni, akalia juu ya kopo la chumvi kwa muda uliofaa, akarudi nalo.

Baada ya siku nne mzee akasema anataka uji. Nassra alikwenda dukani mbio, amejifunga kanga moja, akarudi na pakiti ya unga wa mahindi yenye picha ya mama anayecheka na watoto wake. Akaubandika, akautilia iliki, akakoroga. Ulipoanza kuchemka, mvua ikatoka sufuriani, ikapanda mpaka kwenye bati, ikashuka. Matone yalikuwa manene. Sauti ilikuwa ya kijana yuleyule.

"Bosi, na haya?"

"Haya ya watu. Watayapika."

Nassra aliipua. Akaenda kwa Anuar, akamkuta anashona sikio la mbuzi, akamwuliza kama ule unga wa kijivu upo wa watu.

"Nlio nao ni wa mifugo," alisema Anuar. "Wa watu haujaletwa." Akakata uzi kwa meno. "Hata kwangu uji tunanywa na miavuli. Mwaka wa pili huu."

Aliporudi, baba yake alikuwa ametoka kitandani peke yake, amekaa uani kwenye kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, cha marehemu mkewe. Nassra akaumwaga ule uji kwenye shimo la taka, palepale uani, asiwape hata kuku, lakini mvua yake haikukoma. Ilikuwa inanyesha jikoni mwa Bi Time pia, na kwa jirani wa pili, na kwa wa tatu. Ilikuwa saa ya chai, na uchochoro mzima ulisikika kama bati moja.

Akachemsha yai la pili la siku hiyo, akalikata nusu kwa nusu. Mzee Msabah akauchukua mwavuli mkononi mwake, akaufungua, akaushika juu ya kichwa cha binti yake. Ulikuwa mkono uleule ulionyanyua magunia miaka thelathini na mbili. Upande wake yeye alikuwa anarowa, na alikuwa anasikiliza.

"Tundu hawajaliziba," alisema. "Lori linashusha magunia. Kula, mwanangu."