Nyundo ya Ricky

Ukumbi wa parokia ulicheka tena, na safari hii Alphonsine alijua kwamba wanamcheka yeye.

Jukwaani, Hadassa, msichana wa mjini aliyejipaka chokaa mpaka kwenye kope, alikuwa amekumbatia jiwe. "Bonjour, mwana. Unalala muzuri? Unakula?" Akatega sikio asikie jibu. Watu wa Likasi wakavunjika mbavu.

Hivyo ndivyo Alphonsine alivyomwamkia Ricky kila asubuhi kwenye machimbo ya mawe ya Kakontwe, kabla ya kuponda jiwe la kwanza. Mwanawe alifukiwa na udongo katika shimo la madini walilojichimbia yeye na wenzake, na mwili haukupatikana. Hakuwa na kaburi la kwenda kuongea nalo. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu: Godefroid, mtoto wa marehemu dada yake, aliyekaa kwake msimu mzima wa mvua akila bukari yake na kusema anaandika mchezo wa kuigiza kuhusu wavunja mawe. Watu wa mjini waone, alisema, waone haya. Alphonsine akamwazima hata nyundo ya Ricky. Mshenzi mkubwa.

Sasa Hadassa alikuwa anajikunia mgongo kwa mpini wa nyundo hiyo.

Alphonsine akainuka. Akapanda jukwaani na kitenge chake cha misa, akanyoosha mkono.

"Leta ile nyundo. Ni ya mutoto wangu."

Hadassa akaiachia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani naye anaigiza, tena vizuri kuliko wote.

Godefroid akamkimbilia mpaka langoni, meno yote nje.

"Mama mudogo, batu banapenda sana. Kesho utarudia vile vile?"

Alphonsine alitamani kumpiga kwa nyundo ile, na Mungu anisamehe, mimi nisingemzuia.

"Miye nilikuambia weye tu," akasema. "Weye tu, Godefroid."

Akaenda zake.

Asubuhi akaketi kwenye rundo lake, akachagua jiwe, akaliweka katikati ya nyayo zake. Akafungua mdomo amwamkie mwanawe, na kile kicheko kikamjia masikioni. Akageuka. Hapakuwa na mtu ila wanawake wenzake, wameinama kazini.

Akaufunga mdomo, akainua nyundo, akapiga.