Daftari la Joto

Wazazi walikutana kupiga kura kama watoto wachanjwe surua palepale shuleni. Mimi, muuguzi mpya, nilikuja na grafu tatu. Bibi mmoja, fundi cherehani, hakuzitazama hata moja.

"Mwanangu, karatasi haikatai wino," alisema. "Nyie hamjawahi kukosea?"

Ukumbi ulicheka. Mganga mkuu wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilishasimama.

"Tumekosea, mama. Jumamosi niliacha mlango wa friji wazi, joto likazidi. Chanjo zote tumezitupa. Hizi zimeletwa leo asubuhi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Niliandika mwenyewe kwenye daftari la joto."

Nilimpa daftari. Alivaa miwani, akazifuata namba kwa kidole kama anayekagua mshono, mpaka akafika kwenye mstari wangu wa wino mwekundu.

"Mimi nikiharibu kitambaa cha mteja, huwa namsingizia panya," alisema, na watu wakavunjika mbavu. Kisha akanyoosha mkono juu. "Kura yangu ni ndiyo. Mjukuu wangu awe wa kwanza, na huyuhuyu binti ndiye amchome."

Mikono mingine ikaanza kunyooka nyuma yake.