Siku Paskalina Alipogeuza Mtumbwi

Wifi yangu Paskalina alifanya kazi miaka mingi kwenye hoteli moja mjini Wewak, na kila mgeni aliyefika alimuuliza njia ya kwenda mto Sepik. Aliwaelekeza kwa watu wengine. Kijijini kwetu Yentarimbi, ukingoni mwa mto huo, hakumleta hata mmoja. Wageni wa mwisho kufika walishuka bila hodi, wakaingia nyumba ya wanaume, ambamo mwanamke hakanyagi, mke kwa mume, wakapiga picha vitu ambavyo hata mimi niliyezaa hapo watoto wanne sijaviona. Wazee wakasema basi, wasije tena.

Paskalina hakuridhika na hilo. Alikuja peke yake, kabla hajamwahidi mgeni yeyote kitu, akaketi na wazee, akatafuna nao popoo kutwa nzima. Hawakukubali. Akaenda, akarudi. Aliyemkatalia zaidi alikuwa mjomba wake Kambunmeli, kaka wa marehemu mama yake, mtu ambaye akikohoa tu kijiji kizima kinanyamaza.

"Wageni wakiharibu, watarudi kwao," alimwambia mbele ya watu. "Wewe utarudi wapi?"

"Hapa hapa, mjomba. Na lawama nitaibeba mimi."

Mzee akasema basi wajaribu, lakini wageni wawe wawili tu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alitafuta maboya ya kuvaa, vyandarua, dawa za malaria, akapatana na mganga wa zahanati ya mtoni awe anasikiliza redio wakati wote wa safari. Halafu akapita kijiji baada ya kijiji kuomba ruhusa ya kutia nanga endapo tutakwama. Mimi nilimcheka. Nikamwambia, "Wifi, unaleta watu wawili au unahamisha jeshi?"

"Naleta wawili, na nataka kurudisha wawili," akasema.

Wageni wenyewe walikuwa mtu na mkewe, Joost na Marit, watu wazima wenye mvi. Paskalina aliwafunda hotelini kama mwari anavyofundwa: magoti yafunikwe, kamera ikae mfukoni mpaka mwenye sura yake akubali. Marit alipoambiwa hataingia nyumba ya wanaume, aliuliza kwa nini. Paskalina akamjibu kwamba hata yeye haingii, na yaliyomo humo si yake kuyaeleza.

Tuliondoka asubuhi kwa mtumbwi wa mashine. Mume wangu Leo, kaka mkubwa wa Paskalina, alishika mashine, mimi nikiwa mpishi. Safari ilikuwa njema hadi alasiri, tulipokuta nyasi zinazoelea zimeziba mfereji wa kuingilia kwetu, na nyuma yetu wingu jeusi limeshakaribia. Njia nyingine ilikuwa moja tu, kukatiza bwawa la ukoo wa jirani. Lakini mdomoni mwa bwawa palisimikwa mti uliofungwa makuti. Walikuwa wamefiwa na mkubwa wao, na maji yale hayapitwi mpaka matanga yaishe.

Leo akapunguza mwendo. "Hakuna mtu. Tunapita kimya kimya, mara tuko nyumbani."

Joost, aliyekuwa akiutazama umeme, akaafiki haraka. Paskalina akasema tugeuze.

"Paska, mimi ni kaka yako mkubwa."

"Najua, kaka. Mashine ni yako, safari ni yangu. Geuza."

Niliinamisha kichwa. Namjua mume wangu, nilingoja kelele. Akatema popoo majini, mate mekundu, akageuza.

Mvua ilitunyeshea mpaka tukawa kama samaki. Lakini katika kijiji cha kwanza tulichofikia, wanawake walitupokea kwa moto, mikate ya unga wa sago na samaki wa moshi, kwa sababu Paskalina alikwisha kuzungumza nao zamani. Joost alitoa taulo lake kavu, akampa Leo.

Kesho yake mafuriko yalikuwa yamesukuma nyasi, tukapita. Tulipoikaribia Yentarimbi, tukaona watu wamejaa ukingoni, na mimi nikadhani kuna msiba. Kumbe jana yake wanaume wa ule ukoo walikuwa wamejificha kwenye matete wakilinda bwawa lao, na hawakukaa pale kwa ajili ya salamu. Waliona kila kitu. Wakapeleka habari kwetu kwamba binti wa Yentarimbi amemheshimu maiti wao.

Basi tukiwa tunashuka, nyuma ya nyumba akatokea kikongwe mwenye sketi ya mjane iliyochakaa, tope mwili mzima, anajikongoja kwa kasia, anaanguka, anainuka. "Mwanangu yuko wapi?" alilia kwa sauti nyembamba. "Mmemwona mwanangu?" Watoto waligaragara kwa kicheko.

Marit akaniuliza kwa kunong'ona kama yule mama ni mgonjwa. Nikamwambia yule ndiye mwanamume anayeogopwa kuliko wote hapa, amejivika mavazi ya mwanamke. Kwetu, mjomba akitaka kujivunia mtoto wa dada yake, hujishusha hivyo, ili mtoto apande hadhi. Kambunmeli hakuwa amemfanyia hivyo Paskalina tangu utotoni, alipokamata samaki wake wa kwanza.

Sisi wake wa kaka fungu letu ni kinyume, kuvaa kiume na kuringa. Wanawake walinikamata, wakanivika taji la manyoya la Leo, mikufu yake ya makombe, wakanipa kibuyu chake cha chokaa ya kutafunia popoo. Nikatembea kifua mbele, nikamwamuru, "Wewe, shusha mizigo ya wageni."

Akaibeba. Alipompita dada yake akasimama. "Ungeniacha nipite, leo tungekuwa tunaficha nyuso."

"Beba mizigo, kaka," alisema Paskalina.

Mzee akamfikia, akaanguka miguuni pake na tope lake lote, akaikumbatia miguu ile. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, nzito, akamwita kwa jina la ukoo wa mama yake, jina lisilotamkwa ovyo. Kijiji kizima kikaitikia.