Fundi Mmoja, Mikono Minne

Kabla hawajagombana, watu wa Lushoto waliwaita Yusta na Mwanamwema fundi mmoja mwenye mikono minne. Yusta, mzaliwa wa Mtae, alikuwa mkataji. Akikutazama tu ukivuka mlango, tayari alishayajua mabega yako. Mwanamwema, aliyetoka Tanga kumfuata mumewe mwalimu, alikuwa mshonaji. Yusta hakujua kushona mstari ukanyooka, na Mwanamwema akikata shingo ya gauni, hata ng'ombe angepitisha kichwa.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya soko, na ndani mlikuwa na cherehani moja na pasi ya mkaa. Julai, ukungu ukishuka mpaka mlangoni, waliiweka pasi katikati wakaota moto, wakila mapeasi na kuwasema wateja. Mwanamwema hakuacha kulalamikia baridi ya milimani.

"Basi rudi kwenu ukaungue," Yusta alizoea kumwambia, kisha wanacheka.

Mwaka ule Pasaka na Idi zilikaribiana. Yusta akapokea kazi ya majoho ya kwaya ya usharika wake bila kumwuliza mwenzake. Kumbe Mwanamwema naye alishawaahidi akina mama wa msikitini magauni ya Idi. Vitambaa vikajaa chumba kizima, hata pa kukaa pakakosekana.

"Tuanze na majoho," alisema Yusta. "Pasaka ndiyo inatangulia."

"Nifunge, nishone majoho yako, halafu wenzangu waende Idi na nguo za mwaka jana?"

"Ungeniuliza kabla hujapokea."

"Kwani wewe uliniuliza?"

Siku nyingine wangecheka yakaisha. Lakini Mwanamwema alikuwa na kiu ya saumu, na Yusta alikuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani. Yusta akasema cherehani hata mtoto wa shule anaweza kuikanyaga. Mwanamwema akajibu kwamba mkasi hata kinyozi anao.

Kesho yake Yusta alikuta kanga imetundikwa katikati ya chumba. Hakuigusa. Alikwenda kuazima cherehani kwa shangazi yake, akaiweka upande wake.

Pasaka ile kwaya iliimba na majoho ambayo pindo zake zilipanda na kushuka kama barabara ya kwao Mtae. Siku ya Idi, akina mama walijifunga mitandio mpaka kidevuni kuficha shingo za magauni. Mji ulicheka. Wao wawili, kila mmoja na aibu yake, wakaanza kujifunza. Yusta alishona, akafumua, akashona tena, vidole vikajaa alama za sindano. Ng'ambo ya kanga aliusikia mkasi ukisita, ukisita, mpaka siku moja ukapita bila kusita. Alitamani kusema, "Hongera, shoga." Akainama, akaendelea kufumua.

Mvua za vuli ndizo zilizowapatanisha. Bati lilitoboka upande wa Mwanamwema, maji yakamwagikia vitambaa vya watu. Yusta alivuka bila kufikiri, akakumbatia marobota, akayahamishia kwake. Kanga wakaishusha, wakakaushia sakafu.

"Nisamehe, Mama Happy," alisema Mwanamwema akiwa amepiga magoti, anakamua.

"Tusameheane, shoga. Mdomo wangu nao haukuwa na breki."

Happiness, binti wa Yusta, alikuwa anakaribia kupata kipaimara, wakakubaliana kumshonea gauni pamoja, kama zamani. Yusta alipotandaza kitambaa, Mwanamwema alikuwa ameshachukua mkasi. "Kiuno kiingie kidogo hapa," alisema, na ilikuwa kweli. Wakati wa kushona ulipofika, Yusta akajikuta ameshakalia kigoda cha cherehani, Mwanamwema kasimama nyuma yake, mikono haina kazi. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kicheko kilipokwisha, hakuna aliyejua aanze wapi.

"Sasa tumekuwa mafundi wawili," alisema Mwanamwema taratibu.

"Tumekuwa wawili," Yusta akaitikia.

Januari Mwanamwema akapata chumba karibu na stendi. Yusta alimsaidia kubeba meza. Hawakununiana tena. Hupelekeana wateja, na harusini hukaa kiti kwa kiti.

Siku ya kipaimara, mama mmoja alilishika gauni la Happiness, akauliza, "Hili kakata nani, kashona nani?" Zamani jibu lilikuwa jepesi; hili wote wawili walilikata, wote wawili wakalishona. Yusta alimtafuta Mwanamwema kwa macho kati ya wageni, akamwona anacheka na watu wengine.