Beseni la Viwavi Mlangoni kwa Nsona

Tangu Nsona afungue duka ng'ambo ya barabara, Mama Eyenga hakufagia kizingiti chake hata siku moja bila kutazama migongo ya watu. Migongo, kwa kuwa nyuso zote zilielekea kule.

Kwa miaka tisa ni yeye peke yake aliyewauzia Wakongo wa mtaa wa Brás, huku ugenini, kisamvu, samaki wa moshi na chikwanga, mikate ya muhogo. Kontena lake lilipokwama bandarini miezi miwili, walimsubiri. Kodi ya pango ilipopanda, walimwombea kanisani. Sasa kaja huyu wa juzi na friji yake ya kioo, na wale wale waliomwombea wanampita wameinamisha vichwa kama watu wanaotafuta sindano.

Kilichomchoma zaidi ni nyongeza. Kinshasa, muuzaji akishapima glasi yake lazima aongeze kidogo juu. Asipoongeza, mnunuzi huhesabu kwamba kaibiwa. Mama Eyenga aliongeza kwa vidole vitatu. Nsona, watu walisema, alichota kwa viganja viwili.

"Yule anagawa kama yuko harusini," Mado msusi alimwambia, mfuko wa kule ukimning'inia mkononi bila haya. "Nyongeza yako wewe, mama, ni ya kupaka machoni."

Mama Eyenga alicheka naye. Mado alipoondoka, akafagia upya kizingiti alichokwisha kukifagia.

Jumanne akamwona Nsona akitoa beseni kubwa la viwavi waliokaushwa na kuliweka juu ya kiti mlangoni, glasi ya kupimia ikisimama katikati. Ndivyo wanavyouzwa sokoni nyumbani. Lakini mwaka wake wa kwanza hapa, Mama Eyenga naye aliwaweka mlangoni, na mkaguzi wa afya akaandika kwamba chakula kimeoza na kuingiwa na wadudu. Gunia zima lilimwagiwa dawa mbele yake. Ilimchukua miezi minane ya kuwapeleka kupimwa na kupanga foleni kupata kibali cha kuwauza, na tangu hapo aliwauza ndani ya pakiti zenye lebo, kibali kikiwa ukutani ndani ya fremu.

Na mkaguzi hupita kila Jumatano. Ilikuwa hatua ishirini tu kwenda kumwambia Nsona. Mama Eyenga akaketi, akakunja mikono. Viganja viwili vimsaidie.

Jumatano, gari la ukaguzi liliposimama kule, alivuta kiti hadi dirishani. Aliona mkaguzi akiinama juu ya beseni, kisha akirudi nyuma. Aliona Nsona akitafuta maneno ya Kireno alichokuwa amejifunza kwa miezi mitatu tu, akiyakosa, akichukua kiwavi mmoja na kumtafuna mbele ya yule bwana ili aamini kwamba ni chakula.

Hapo utamu wote ukamtoka Mama Eyenga. Yeye pia alitafuna hivyo hivyo, peke yake, machozi yakimtoka, na hakuna mtu aliyevuka barabara.

Akang'oa fremu ukutani, akavuka.

"Mzigo ni wangu, bwana," alisema akihema. "Kibali hiki hapa. Huyu kakosea kuutoa nje ya pakiti."

Mkaguzi, aliyemfahamu, alisoma, akamtazama. "Kwa hiyo, Dona Eyenga, duka hili nalo ni lako?"

Alijua akijibu ndiyo, kosa lolote la Nsona litakuwa lake. "Tunashirikiana," akasema. "Kuanzia leo."

Mkaguzi akaandika onyo, akaamuru beseni liondolewe, akapanga kurudi wiki ijayo.

Walilibeba pamoja hadi dukani kwa Mama Eyenga. Njia nzima Nsona alimwita dada mkubwa, akimshukuru.

"Usinishukuru," Mama Eyenga alimkata. "Nilikuona tangu jana ukilitoa. Nikanyamaza."

Nsona akalitua beseni. Kisha akajaza glasi ya viwavi, akaimimina ndani ya mfuko, na juu yake akaongeza, kwa viganja viwili. "Ya watoto wako," akasema, bila kumtazama.

Mama Eyenga aliutazama mfuko ulivyovimba. Hata sasa, wivu ulimfinya.

"Utafilisika na hivyo viganja."

"Basi nifundishe vidole vyako vitatu, dada."

Mama Eyenga akafikiri.

"Vinne," akasema.