Kurasa Alizoruka Mwalimu

Msusi alikuwa na ugonjwa wa riwaya, lakini tangu asubuhi hadi jioni mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu. Basi akaweka sharti: ukikaa kwenye kiti chake, unamsomea. Kitabu kilikaa rafuni, katikati ya mafuta na vitana, na kila mteja alianzia pale alipoishia mwenzake. Wa mistari minene alisoma ukurasa mmoja akaenda zake; wa rasta nyembamba alimaliza sura nzima. Wifi yake, aliyeosha watu nywele kule nyuma, alimwonya kwamba wateja watakimbia. Hawakukimbia. Wengine walianza kupita tu mlangoni kuuliza, "Yule mama ameshaamua?"

Mama huyo alikuwa wa kitabuni. Riwaya ilikuwa mpya, wino haujakauka, na ilimhusu mwanamke ambaye mume hampigi, njaa haijui, lakini kila sura inavyopita anazidi kuutazama mlango.

Siku hiyo kitini alikuwa mwalimu wa sekondari, mteja wa miaka na miaka, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alisoma vizuri mpaka pale mama anapofunga mkoba, watoto wamelala usingizi wa mchana. Akafunua ukurasa, kisha mwingine, akaendelea. Mara binti anaolewa.

Msusi akasimama na msuko mkononi. "Mwalimu, umeruka."

"Sijaruka."

"Binti alikuwa ananyonya kidole sasa hivi. Kaolewa na kidole mdomoni?"

Wifi alicheka mpaka maji yakamwagika.

"Haya, nimeruka," mwalimu akasema. "Mama anayeacha watoto wake hastahili kusomwa."

"Anastahili, hastahili, mimi nataka kitabu kizima. Sikununua nusu."

"Mimi sisomi."

"Na mimi sisuki."

Mwalimu akajitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto umelala vizuri, wa kulia umesimama kama ufagio. "Unanifanyia utoto," alisema, lakini angeenda wapi na kichwa kile?

Msusi akajifuta mafuta mikononi, akavuta stuli, akasoma mwenyewe, kwa shida, kidole kikifuata mstari. Yule mama alifika kituoni. Akakumbuka jiko, akarudi kulizima. Akawafunika watoto shuka, akatoka tena. Hakulia. Wala mwandishi hakusema kama ni mwema au mbaya.

"Mama yangu hakurudi kuzima chochote," mwalimu akasema.

Wifi akafunga bomba. Msusi alijua kwamba amemkanyaga mtu kidonda, na roho ikamuuma, maana miaka yote hiyo alikuwa akikishika kichwa kile bila kujua kilichomo. Hata hivyo hakukifunga kitabu.

"Niache, dada yangu?"

"Umeshanilazimisha, sasa uache nini?" Mwalimu alijifuta macho kwa kanga ya begani. "Kinachoniudhi ni huyu mwandishi. Anamtetea!"

"Hamtetei. Anamfuata nyuma tu. Angetaka kumtetea angempa mume mlevi, sote tukapumua."

Mwalimu akafikiri. "Ndiyo ubaya wake huo. Hakumpa sababu."

"Labda hata mama mwenyewe hana."

"Lazima anayo! Mtu haamki tu akaenda." Akanyoosha mkono. "Hebu lete. Unasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukaruka mawe."

Akaanza upya, tangu mkoba. Sauti haikuwa tamu tena. Ilikuwa ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Palipo na shuka ilikatika. Akakohoa, akarudia sentensi ile ile, safari hii akaivuka. Msusi alirudi kwenye nywele, akasuka taratibu, bila kuvuta.

Wiki iliyofuata mlango ulifunguliwa, akaingia mwalimu. Kitini alikuwa mtu mwingine, kitabu mapajani.

"Vipi tena?" wifi akauliza. "Nywele zimefumuka?"

"Nywele hazina neno." Mwalimu akamsogeza mtu kwenye benchi, akakaa. "Yule mama ndiye sijamalizana naye. Haya, mmefika wapi?"